Moshi wa Foleni ni Dhambi ya Nani?

Mahubiri yetu kuhusu mazingira, msikitini na kanisani, humwendea mtu mmoja mmoja. Panda mti, usitupe taka mtoni, usifuje ulichojaliwa. Ni maneno ya haki, na yanashika kwa sababu mti mmoja hupandwa na mkono mmoja. Lakini lipo jambo ambalo mahubiri ya namna hii hayalifikii, nalo ni moshi wa gari lililokwama Barabara ya Mandela jijini Dar es Salaam saa moja asubuhi, au Mombasa Road jijini Nairobi jioni watu wanaporudi Mlolongo na Kitengela. Dereva yuleyule, kwa gari lilelile na mafuta ya pampu ileile, angechoma kidogo sana kuliko hapo kama njia ingekuwa inapitika. Ile ziada inayoungua bila kumfikisha mtu popote ni ya nani? Dereva hakuikusudia wala hakuifurahia, ameilipia kwa fedha yake mwenyewe, na bado imeingia kifuani mwa mtoto anayepita kando ya barabara akielekea shule. Ninachodai ni kwamba ziada hiyo ni deni la jamii nzima, deni la aina ile ambayo wanazuoni wa sheria ya Kiislamu waliiita fardhi kifaya, na kwamba kuliita hivyo hakumpunguzii mtu mzigo. Kunauongeza.

Kabla ya kuuliza nani mwenye deni, tulipime deni lenyewe. Gari dogo la petroli likiwa limesimama huku injini inanguruma hunywa kati ya nusu lita na lita moja kwa saa, na kiyoyozi kikiwashwa huelekea juu zaidi. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ya ukaa. Dizeli hutoa karibu kilo 2.7. Basi magari 1,000 yakisimama saa moja, hata kwa hesabu ya upole, yametoa zaidi ya tani moja ya hewa ya ukaa bila kusogea hatua. Na kusimama si hasara yote. Kuondoka tena kuna gharama yake. Gari la kilo 1,500 likifika mwendo wa kilometa 60 kwa saa limejaa nishati ya takriban kilojuli 208. Injini hupeleka magurudumuni kiasi cha robo tu ya nishati iliyomo kwenye mafuta, kwa hiyo kulifikisha gari kwenye mwendo huo kunahitaji kama mililita 25 za petroli. Dereva akikanyaga breki, nishati ile yote inageuka joto la diski na kupotea hewani. Afanye hivyo mara 40 katika barabara yenye taa zisizoelewana na makutano yaliyoziba, naye amemwaga lita nzima. Ndiyo maana gari hula mafuta kidogo zaidi likienda mwendo wa wastani usiobadilika, kilometa 60 hadi 80 hivi kwa saa. Chini ya hapo hasara ni ya kusimama na kuondoka, na juu ya hapo ni ya kupambana na upepo.

Kisha kuna barabara yenyewe, lami au vumbi, nzima au yenye mashimo. Inafaa wasomaji wa Afrika Mashariki wajue kwamba sehemu kubwa ya elimu ya dunia kuhusu jambo hili ilianzia kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza, kwa kushirikiana na Benki ya Dunia, ilifanya uchunguzi mkubwa nchini Kenya ili kujua jinsi barabara za lami na za changarawe zinavyochakaa, na jinsi uchakavu huo unavyoongeza gharama za mafuta, matairi na vipuri. Matokeo ya Kenya, pamoja na ya Brazili, India na visiwa vya Karibi, ndiyo yaliyojenga hesabu ambazo hadi leo nchi nyingi huzitumia kuamua barabara ipi ikarabatiwe kwanza. Utafiti wa baadaye huko Marekani ulikadiria kwamba kila ukwaru wa barabara unapoongezeka kwa kipimo kimoja cha kimataifa, yaani mita moja ya mtikisiko kwa kila kilometa, gari dogo huongeza matumizi ya mafuta kwa asilimia 2 hivi. Asilimia 2 yaonekana ndogo. Lakini barabara mbovu haiongezi kipimo kimoja, huongeza vingi, na juu ya mtikisiko huo kuna kupunguza mwendo mbele ya kila shimo, kuhama upande, kumsubiri wa mbele naye ahame, kisha kuondoka upya kwa gia ya kwanza. Shimo moja lililoachwa tangu masika hutoza ushuru kwa kila anayepita, usiku na mchana, na ushuru wenyewe hauingii hazina yoyote.

Nitofautishe jambo moja hapa, kwa sababu hoja hii ikiachwa hivi hivi inaweza kutumiwa vibaya. Si kila kusimama ni ufujaji. Tuta lililowekwa mbele ya shule kando ya barabara kuu linachoma dizeli ya kila lori linalopunguza mwendo, na dizeli ile ni halali kabisa, kwa kuwa imenunua uhai wa mtoto. Bara letu ndilo linaloongoza duniani kwa kiwango cha vifo vya ajali za barabarani kulingana na idadi ya watu, na wengi wanaokufa ni waenda kwa miguu na wapanda pikipiki. Dereva anayesimama kwenye kivuko cha pundamilia anatoa haki ya mwenzake. Anayesimama kwa sababu mtaro umeziba na maji yamejaa barabarani hampi mtu yeyote haki yoyote. Kipimo cha ufujaji basi ni kuuliza kama kulikuwa na mtu aliyefaidika na kusimama kule. Hilo latosha kutenga moshi tunaouzungumzia na moshi mwingine.

Na je, madhara yake ni ya kweli, au ni hesabu za wahandisi tu? Ushahidi ulio wazi kuliko wote ninaoufahamu unatoka kwenye vituo vya kulipia barabara huko New Jersey na Pennsylvania. Zamani kila gari lilipaswa kusimama kibandani na kulipa, foleni ikajengeka. Ulipoletwa mtambo unaotoza gari likiwa linapita, foleni zikapungua sana. Wachumi Janet Currie na Reed Walker walilinganisha watoto waliozaliwa na akina mama walioishi ndani ya kilometa 2 kutoka vituo hivyo, na waliozaliwa na akina mama walioishi mbali kidogo kando ya barabara zilezile. Katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2011 walikuta kwamba karibu na vituo, kuzaliwa njiti na kuzaliwa na uzito mdogo kulipungua kwa zaidi ya asilimia 10. Zingatia kilichobadilika na kisichobadilika. Hakuna dereva aliyetubu, wala hakuna aliyeuza gari lake kwa ajili ya dunia. Kilichoondoka ni kule kusimama tu, na watoto wakazaliwa wazima. Ukiukubali ushahidi huo, huwezi tena kusema kwamba uadilifu wa hewa unakaa ndani ya nia ya dereva peke yake.

Wanafalsafa wamelijadili suala hili kwa mfano wa gari, na mfano wenyewe umekuwa maarufu. Mwaka 2005 Mmarekani Walter Sinnott-Armstrong aliuliza kama ni kosa kulitoa gari kubwa linalokula mafuta mengi siku ya Jumapili alasiri kwa matembezi ya kujifurahisha. Akajibu kwamba haoni kanuni inayoweza kulifanya kuwa kosa, kwa kuwa moshi wa safari moja haubadilishi hali ya hewa ya dunia hata chembe, na kwa hiyo wajibu wa kweli uko kwa serikali. Wengine walimpinga kwa hesabu. John Nolt, mwaka 2011, alikadiria kwamba moshi wa Mmarekani wa kawaida, ukijumlishwa wa maisha yake yote, unatosha kusababisha mateso makubwa au kifo cha mtu mmoja au wawili. Derek Parfit alikuwa ameshaonya tangu 1984 kwamba ni kosa la hesabu za maadili kudhani kitendo hakina ubaya kwa sababu sehemu yake katika madhara ni ndogo mno kuonekana. Naona Parfit na Nolt wana haki. Lakini mfano wa Jumapili alasiri unaficha jambo, kwa sababu umechagua barabara tupu. Katika foleni hakuna safari iliyo ya mtu mmoja. Barabara inapokaribia kujaa, gari moja linaloingia humchelewesha kila aliye nyuma yake kwa sekunde chache, na jumla ya sekunde hizo huzidi muda anaoupoteza yeye mwenyewe. Mchumi Pigou aliona jambo hili tangu 1920. Kwa hiyo dereva wa foleni hawezi kujitetea kwa udogo wa sehemu yake. Sehemu yake imo ndani ya mabomba ya moshi ya watu mia. Na wakati huohuo, sehemu kubwa ya moshi wa gari lake mwenyewe imesababishwa na hao mia. Kila mmoja ni mdhulumu na mdhulumiwa kwa dakika moja.

Hapo ndipo lugha ya dhambi ya mtu mmoja inapokwama, na ndipo urithi wa pwani yetu unapokuwa na la kusema. Sheria ya Kiislamu hugawa wajibu katika mafungu mawili. Fardhi aini ni ya kila mtu kwa nafsi yake, kama sala na funga; hakuna anayekusalia. Fardhi kifaya ni ya jamii, kama kumwosha maiti, kumsalia na kumzika. Wakiitimiza baadhi, wengine wamevuliwa, na wasipoitimiza yeyote, wote walioweza wana dhambi. Mafundisho ya dini kuhusu njia yanakaa sawasawa na mgawanyo huu. Mtume alifundisha kwamba kuondoa udhia njiani ni tawi la imani, na akawataka wanaokaa barabarani waipe njia haki yake, mojawapo ikiwa ni kuzuia maudhi. Na kuna kauli inayonasibishwa na Khalifa Umar bin al-Khattab, kwamba nyumbu akijikwaa Iraki, yeye alichelea Mwenyezi Mungu asije akamuuliza mbona hakuisawazisha njia. Anayeulizwa katika kauli hiyo ni mwenye mamlaka ya kulisawazisha lile shimo, ijapokuwa yuko Madina, mbali mno na Iraki, na ijapokuwa aliyeumia ni mnyama. Mpanda nyumbu haulizwi.

Atasema mtu: hiyo ndiyo njia ya kila mmoja kujivua. Wajibu wa wote huishia kuwa wa hakuna mtu. Dereva atamnyooshea kidole waziri, waziri atamnyooshea mkandarasi, na moshi utaendelea. Pingamizi hili lina nguvu kwa sababu ndivyo tunavyofanya. Lakini haliielewi fardhi kifaya kama wanazuoni walivyoieleza. Imamu al-Juwayni, aliyefariki 1085, alifikia kusema kwamba anayeitekeleza anaweza kuwa na daraja kubwa kuliko atekelezaye wajibu wa nafsi yake, kwa kuwa ameuokoa umma mzima na dhambi. Na al-Shatibi wa Granada, aliyefariki 1388, aliweka bayana swali la nani hasa anabebeshwa. Mwenye uwezo wa kazi ile ndiye anayelazimika kuifanya. Asiye na uwezo analazimika kumsukuma mwenye uwezo mpaka aifanye. Kwa hiyo hakuna aliyebaki nje. Mhandisi wa halmashauri ana wajibu wa mtaro na taa, diwani ana wajibu wa bajeti, na muuza duka asiyejua kupanga taa za barabarani ana wajibu wa kumbana diwani. Kunyoosha kidole tu na kukaa kimya hakumtoi mtu katika deni.

Lakini kutokuwa na uwezo juu ya barabara hakumvui dereva wajibu juu ya gari lake. Upepo wa matairi, chujio la hewa lililojaa vumbi, pua za injini za dizeli zisizosafishwa hadi basi linatoa moshi mweusi: hayo ni aini, hayamsubiri waziri. Shirika la Afya Duniani, kupitia taasisi yake ya utafiti wa saratani, liliutangaza moshi wa dizeli mwaka 2012 kuwa unasababisha saratani kwa binadamu. Mwenye basi anayejua hivyo na bado akaahirisha matengenezo ana kesi ya peke yake.

Pingamizi gumu zaidi linatoka kwa wachumi. Tuseme jamii imeitikia, ikaziba mashimo na kupanua barabara. Gilles Duranton na Matthew Turner walionyesha mwaka 2011, kwa takwimu za miji ya Marekani, kwamba kilometa zinazoendeshwa huongezeka karibu sawa na kilometa za barabara zilizoongezwa. Njia mpya hujaa. Kama ni hivyo, kusawazisha njia kwa ajili ya nyumbu kunaleta nyumbu wengine, na moshi unarudi ulipokuwa au unazidi. Nalikubali hili kwa sehemu kubwa, na naona linatufundisha kuchagua kazi. Kinachodaiwa na fardhi hii ni kuondoa udhia, na upana wa lami ni chombo kimoja tu, tena mara nyingi si kilicho bora. Kuziba shimo na kuzibua mtaro hakuongezi njia. Dar es Salaam ilijenga mfumo wa mabasi yaendayo haraka, ulioanza 2016 kwenye zaidi ya kilometa 20 kando ya Barabara ya Morogoro, na uzuri wake ni kwamba njia ya basi ikiachwa wazi hubeba watu wengi kwa moshi mchache, na haiwavuti wenye magari binafsi kuijaza. Kasoro za uendeshaji, upungufu wa mabasi na msongamano vituoni, zimewachosha abiria, na kila kasoro kati ya hizo inamrudisha mtu kwenye gari lake. Stockholm ilijaribu mwaka 2006 kutoza magari yanayoingia katikati ya mji, na magari yaliyovuka mpaka ule yakapungua kwa kiasi cha asilimia 20. Kwenye tozo nako kuna swali la haki ambalo hatuwezi kulikwepa. Barabara ya juu ya Nairobi, kilometa 27 zilizofunguliwa 2022, inampitisha aliyelipa. Asiyeweza kulipa anabaki chini kwenye foleni, na moshi wa chini unabaki na watu wa chini. Tozo inayomnunulia tajiri mwendo bila kumpa maskini basi la kutegemewa imeuhamisha udhia, haijauondoa.

Wapo pia wanaosema tungoje magari ya umeme. Kenya, ambayo umeme wake mwingi hutoka kwenye mvuke wa ardhini, maji na upepo, ina sababu njema ya kuyapenda. Lakini yataingia polepole katika nchi ambazo magari yake mengi ni yaliyotumika, kutoka Japani, nayo bado yatatoa vumbi la matairi na kusubiri nyuma ya mtaro ulioziba. Mtoto anayezaliwa mwaka huu hawezi kungoja.

Na kama mtu ataona ajabu kuiongoza miji yenye watu wa dini mbalimbali kwa fungu la sheria ya Kiislamu, ajue kwamba wenzetu wamefika karibu na hapa kwa njia zao. Patriaki Bartholomayo wa Waorthodoksi alitamka mwaka 1997 kwamba kuharibu viumbe na hewa ni dhambi, na Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa 2015, alizungumzia waziwazi msongamano wa magari mijini na haja ya usafiri wa umma wenye kumheshimu abiria. Milimani Upareni watu wamezijua kazi za pamoja za msaragambo, na Rwanda kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi hufanya umuganda, ambapo kuzibua mifereji na kutengeneza njia ni kazi za kawaida. Wazo la kwamba njia ni deni la wote halihitaji kuagizwa kutoka popote.

Jambo moja linaifanya hoja hii iwe kali zaidi kwetu kuliko ilivyokuwa kwa nyumbu wa Iraki. Fedha za matengenezo ya barabara, Tanzania na Kenya, hutokana kwa sehemu kubwa na tozo juu ya kila lita ya mafuta. Kenya iliipandisha mwaka 2024 kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Maana yake ni kwamba dereva anayechoma lita ya ziada kwa ajili ya shimo amekwisha lipia kuzibwa kwa shimo hilo, na kadiri anavyokwama ndivyo anavyolipa. Jamii imetimiza sehemu ya fardhi yake kila siku, pampuni, bila kuulizwa. Aliyezipokea fedha hizo ameshika amana, na anayeacha mtaro uzibe mpaka masika yaingie amevunja amana ile. Hapo tunaweza kumtaja mtu kwa cheo chake na ofisi yake, na kumuuliza hadharani. Khatibu na mchungaji wana mimbari kila wiki mbele ya watu waliotoka kwenye foleni ileile. Waulize, kabla ya mvua za Machi, ni mitaro mingapi ya kata yao imezibuliwa, taa za makutano yapi zimeharibika na tangu lini, na nani anayaachia magari binafsi yapite kwenye njia ya basi. Maswali hayo yakipata majibu yenye tarehe, yaulizwe tena Ijumaa na Jumapili inayofuata.